Posho ya Mama Ni Kinga ya Mtoto

Ndugu zetu askari na polisi, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vifo ambavyo havipigiwi tarumbeta wala havitangazwi kwenye gwaride. Ni vifo vya watoto wachanga na watoto wadogo. Uchunguzi wa taifa juu ya idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa wakiwa hai nchini Uganda, 52 hufariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Kati ya hao 52, watoto 36 hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na 22 hawaumalizi hata mwezi wao wa kwanza.

Ninyi mliozoea kuhesabiana asubuhi na jioni mwaielewa hesabu hiyo kuliko watu wengine. Kikosi cha watu 1,000 kikipoteza 52 bila kurushiana risasi na adui yeyote, baraza la uchunguzi litaitishwa mara moja. Maofisa wataulizwa maji ya kunywa yalitoka wapi, dawa zilifika lini, na nani alikuwa zamu. Lakini kwa kuwa watoto hawa hufa mmoja mmoja, huyu kijijini, yule mjini, mwingine katika laini za polisi nyuma ya kituo, hakuna baraza linaloitishwa. Mtoto huzikwa, mama hulia, majirani hutawanyika, na jambo husemwa kuwa ni mapenzi ya Mungu.

Hatusemi kwamba taifa letu limelala. Uchunguzi wa mwaka 2011 ulihesabu vifo 90 katika kila watoto 1,000, na ule wa mwaka 2016 ulihesabu 64. Kutoka 90 hadi 52 katika miaka kumi na mmoja ni ushindi, na wanaostahili sifa ni wakunga, wauguzi, wachanjaji na timu za afya za vijiji, pamoja na akina mama wenyewe waliolala na watoto wao ndani ya vyandarua. Hata hivyo ushindi wa nusu haumpi askari ruhusa ya kuvua buti. Yatupasa kuuliza ni silaha gani ambayo bado hatujaitumia kwa ukamilifu.

Maoni yetu ni kwamba silaha hiyo ni posho ya uzazi: fedha taslimu anazopewa mama maskini, mkononi mwake mwenyewe, kuanzia miezi ya mwisho ya mimba hadi mtoto atimize mwaka mmoja. Twajua kwamba kuna watakaocheka. Twawaomba wasubiri kwanza wasikie ushahidi.

UMASKINI UNAVYOUA

Tangu Machi 2001 serikali ilifuta malipo ya matibabu ya kawaida katika vituo vya afya vya umma. Lilikuwa jambo la busara, na watu wengi waliokuwa wakifia majumbani walianza kwenda kutibiwa. Lakini kuondoa ada mlangoni mwa hospitali si sawa na kumfikisha mgonjwa mlangoni hapo.

Tumfikirie mama mwenye mimba ya miezi minane katika kijiji chochote chetu. Hulima mpaka siku ya uchungu, kwa sababu asipopalilia sasa hapatakuwa na chakula wakati wa mavuno. Hubeba maji, hubeba kuni, na hula baada ya wengine kushiba. Uchungu ukimshika usiku wa manane, nauli ya pikipiki hana. Hata akiipata, aweza kuambiwa alete glavu, pamba, wembe na karatasi ya plastiki ya kulalia. Basi hubaki nyumbani akingoja kupambazuke. Mtoto akizaliwa hapumui vizuri, hakuna ajuaye la kufanya. Akizaliwa mzima, mama hurejea shambani baada ya siku chache, na mtoto huachiwa dada yake wa miaka saba, anyweshwe uji mwepesi mahali pa maziwa ya mama. Baada ya hapo huja malaria, kuharisha na homa ya mapafu. Katika daftari la zahanati huandikwa kwamba mtoto amekufa kwa homa ya mapafu. Hakuna daftari linaloandika kwamba alikufa kwa kukosa nauli ya pikipiki.

Hivi ndivyo umaskini unavyoua. Hauji na rungu. Humchelewesha mama saa sita, humnyima mapumziko ya wiki sita, na humpunguzia sahani moja ya maharage kila siku. Mtu mzima huvumilia hayo yote, lakini mtoto wa siku tatu hawezi.

YALIYOTOKEA SIAYA

Ushahidi tunaousema hautoki mbali. Ukivuka mpaka pale Busia na kushika barabara ya Kisumu, haupiti muda mrefu kabla hujafika Ugunja, katika Kaunti ya Siaya. Huko Ugunja, pamoja na Ukwala na Alego, kati ya mwaka 2014 na 2017 shirika liitwalo GiveDirectly liligawa fedha kwa familia maskini zaidi ya 10,000 katika jumla ya vijiji 653 vilivyochunguzwa. Vijiji vilivyopewa na vile vilivyosubiri vilichaguliwa kwa kura, si kwa upendeleo, ili iwe rahisi kulinganisha. Familia iliyostahili ilitambuliwa kwa nyumba yake kuwa na paa la nyasi. Kila familia ilipewa shilingi 87,000 za Kenya, ambazo kwa wakati ule zilikaribia dola 1,000 za Marekani, kwa njia ya simu na kwa mafungu. Haikuwekewa sharti lolote. Haikuambiwa nunua hiki, usinunue kile.

Miaka ilipopita, wataalamu wa uchumi, miongoni mwao Michael Walker na Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walirudi na kuhesabu watoto waliozaliwa na waliokufa katika vijiji hivyo. Waliyoyaona waliyatangaza Agosti 2025. Katika familia zilizopewa fedha, vifo vya watoto wasiotimiza mwaka mmoja vilipungua kwa asilimia 48, yaani kutoka takriban 40 hadi 21 katika kila watoto 1,000. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 45. Ni chanjo chache mno ziwezazo kujivunia mapunguzo ya kiasi hicho.

Kilichofanya hayo si uchawi. Akina mama waliopata fedha karibu na wakati wa kujifungua walipunguza kazi zao kwa takriban nusu katika miezi ya mwisho ya mimba na baada ya kuzaa. Walikula vizuri zaidi. Idadi ya waliojifungulia hospitalini iliongezeka kwa asilimia 45. Kwa maneno mengine, fedha zilinunua vitu vitatu vilivyokosekana: mapumziko, chakula na safari ya kumfikia daktari.

Askari msomaji ataona mara moja kwamba mna mafunzo matatu katika habari hii. La kwanza ni wakati. Fedha zilizofika karibu na siku ya kuzaliwa mtoto ndizo zilizookoa maisha zaidi, na zile zilizofika mapema mno au kwa kuchelewa hazikufanya kazi hiyo. Msaada unaofika baada ya vita kwisha hautajwi kwenye taarifa ya ushindi. La pili ni mahali. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa familia zilizokaa karibu na kituo chenye daktari. Fedha bila hospitali ni risasi bila bunduki, na hospitali bila nauli ni bunduki bila risasi. La tatu ni kudumu. Malipo yalipokwisha, vifo vilirejea kukaribia hali ya zamani. Hakuna kikosi kinachopewa chakula mara moja kikaambiwa kiishi nacho daima.

USHAHIDI WA BRAZIL

Siaya ni majaribio ya shirika. Wapo watakaouliza kama serikali yenyewe yaweza kufanya jambo kama hilo kwa nchi nzima. Jibu liko Brazil. Mwaka 2003 serikali ya nchi hiyo iliunganisha misaada yake mbalimbali ikaunda mpango uitwao Bolsa Família. Familia maskini ililipwa kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, kwa kawaida kwa kadi iliyoandikwa jina la mama. Masharti yalikuwa kwamba watoto wachanjwe na waende shule, na mama mjamzito ahudhurie kliniki.

Mwaka 2013 wachunguzi wakiongozwa na Davide Rasella walichapisha katika jarida la utabibu la The Lancet matokeo ya miaka ya 2004 hadi 2009 katika wilaya za miji 2,853. Pale mpango ulipowafikia watu wengi, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 17. Vifo vinavyotokana na utapiamlo vilipungua kwa asilimia 65, na vile vya kuharisha kwa asilimia 53. Tazameni maradhi hayo mawili. Hayo ni maradhi ya chungu kitupu na maji machafu, na ndiyo yaliyorudi nyuma kwanza mama alipokuwa na fedha kidogo za kutegemea kila mwezi.

Hapa kwetu pia tumeonja jambo hili. Karamoja, kati ya mwaka 2010 na 2012, familia za watoto waliokuwa katika vituo vya malezi ya awali zilijaribiwa, nyingine zikipewa chakula na nyingine fedha. Zile zilizopewa fedha zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi, na watoto wao waliendelea vizuri zaidi kiakili. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mama Mkaramoja hajui matumizi ya fedha.

WAKE WA ASKARI, MWAKA 1914

Huenda baadhi yenu mwadhani kwamba haya ni mawazo mapya ya wasomi. La. Mojawapo ya mizizi yake imo jeshini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka Agosti 1914, Uingereza ilihitaji wanaume wengi kwa haraka. Mwanamume mwenye mke na watoto hawezi kwenda vitani kwa moyo mmoja akijua kwamba ameacha njaa nyumbani. Kwa hiyo serikali ikapanua posho ya kutengana, iliyokuwa ikilipwa kwa wake wa askari. Kuanzia Oktoba ya mwaka huo, mke wa askari wa kawaida asiye na mtoto alilipwa shilingi 12 na peni 6 kwa wiki, ikiwamo sehemu iliyokatwa katika mshahara wa mumewe, na kila mtoto akaongezewa fungu lake. Alilipwa mke mwenyewe. Kwa wanawake wengi wa tabaka la wafanyakazi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupokea fedha za hakika kila wiki bila kumngoja mume apite baa.

Wakati ule wa vita, chakula kilipokuwa ghali na madaktari wengi wamechukuliwa jeshini, watu walitazamia kwamba watoto wangekufa kwa wingi. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1913 nchini Uingereza na Wales walikuwa wakifa watoto wachanga 108 katika kila 1,000. Hesabu ilipanda kidogo mwaka 1915, lakini mwaka 1916 ilishuka hadi 91. Wanahistoria wangali wakibishana ni sehemu gani ya sifa iende kwa posho, ipi kwa mishahara ya viwandani, na ipi kwa kliniki za akina mama. Sisi hatutaamua ugomvi wao. Twasema tu kwamba posho haikuleta maangamizi yaliyotabiriwa.

Mtu mmoja aliyeyaona hayo kwa macho yake alikuwa Bibi Eleanor Rathbone wa Liverpool, aliyesimamia malipo ya wake wa askari katika mji huo. Akajiuliza: ikiwa mama aweza kulipwa kwa ajili ya watoto wake wakati wa vita, kwa nini asilipwe wakati wa amani? Mwaka 1924 alitoa kitabu chake juu ya jambo hilo, na tangu mwaka 1929 alilipigania ndani ya Bunge. Sheria ikapita mwaka 1945. Serikali ilipotaka fedha alipwe baba, Bibi huyu alisimama kidete mpaka ikakubaliwa kwamba apokee mama. Alifariki Januari 1946. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo akina mama wa Uingereza walianza kupokea shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto baada ya mtoto wa kwanza.

Babu zetu wa KAR waliopelekwa Burma mwaka 1944 nao walijua jambo hili. Askari aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa familia yake nyumbani. Lakini kwa Mwafrika asiye askari, serikali ya kikoloni haikuona kwamba mtoto wake ana thamani ya shilingi moja kwa wiki. Ni wajibu wa nchi huru kuona kile ambacho mkoloni hakukiona.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Pingamizi la kwanza twalisikia kila siku katika kantini: fedha zitanywewa pombe. Ni hofu ya kweli, nasi hatuidharau. Lakini David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walikusanya uchunguzi mwingi wa aina hii kutoka mabara mbalimbali, na mwaka 2014 walitoa jibu: kwa wastani, familia zilizopewa fedha hazikuongeza matumizi ya pombe na sigara. Walevi wapo, kama walivyokuwapo kabla ya posho. Lakini hatufungi hospitali kwa sababu kuna wagonjwa wachache wanaouza dawa.

Pingamizi la pili ni kwamba watu watazaa ovyo ili walipwe. Hapa yafaa tuitazame historia yetu wenyewe. Uchunguzi wa miaka ya 2000 na 2001 ulionyesha kwamba mwanamke wa Uganda alikuwa akizaa wastani wa watoto 6.9. Mwaka 2016 ilikuwa 5.4, na mwaka 2022 ikawa 5.2. Miaka hiyohiyo ndiyo ambayo vifo vya watoto vilipungua sana. Hatudai kwamba jambo moja pekee ndilo lililosababisha jingine, kwa maana elimu ya wasichana na uzazi wa mpango vimefanya kazi yake. Lakini kila mzee wa kijiji ajua kwamba aliyezika watoto watatu huzaa wengine kwa hofu, na mwenye hakika kwamba waliopo wataishi hana sababu ya kuweka akiba ya watoto.

Pingamizi la tatu husema bei za sokoni zitapanda. Wachunguzi wa Siaya walilipima jambo hilo pia, wakaona kwamba bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, chini ya asilimia moja, na fedha zilizunguka katika maduka na mashamba ya jirani zikawanufaisha hata ambao hawakupewa.

Pingamizi la nne ndilo zito zaidi: kwa nini fedha hizo zisijenge zahanati na kununua dawa? Twajibu kwamba asiwepo mtu wa kuzigombanisha. Siaya imetufundisha kwamba posho huokoa zaidi pale daktari alipo karibu. Anayetaka kulipa posho na kuacha vituo bila wauguzi anapoteza fedha. Anayejenga kituo chenye vitanda vitupu kwa kuwa akina mama hawana nauli, naye anapoteza fedha.

Wala hatuanzi katika utupu. Tangu mwaka 2010 serikali yetu imejifunza kuwalipa wazee: ilianza katika wilaya chache, na tangu mwaka 2020 mpango ukafikishwa katika nchi nzima kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Mwaka 2022 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Parishi, unaopeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi ili familia zikopeshwe mtaji. Yote mawili ni mema. Lakini mkopo hutaka kurejeshwa, na mtu hawezi kukopa ili apumzike. Nchi iliyojua kumfikishia babu posho yake kijijini ina njia tayari ya kumfikishia mjukuu, kwa mkono wa mama yake.

Twapendekeza basi kwamba jambo lianze katika wilaya maskini zilizo na kituo cha afya chenye daktari. Mama aandikishwe kliniki mara mimba inapotimiza miezi sita. Alipwe kila mwezi kwa simu yenye jina lake. Fungu kubwa zaidi lije katika mwezi wa kujifungua. Na malipo yaendelee mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Kiasi chake na kiamuliwe na wanaoujua mfuko wa taifa.

POLISI NA POSHO

Kuna onyo moja ambalo twalitoa kwa ndugu zetu wa polisi hasa. Oktoba 1914, miezi miwili tu baada ya vita kuanza, wakuu wa Uingereza waliwaagiza polisi wawachunguze wake wa askari. Aliyeonekana mlevi, au aliyesemekana kuwa na mwenendo mbaya, aliweza kunyang'anywa posho yake. Konstebo ambaye kazi yake ilikuwa kukamata wezi akageuzwa kuwa mpelelezi wa jiko la mke wa mwenzake aliye katika handaki. Jambo hilo liliwaudhi wanawake na askari vilevile, na lilistahili kuwaudhi.

Tusiige kosa hilo. Siku posho ya uzazi itakapokuja, polisi wana kazi ya heshima ya kufanya. Wamlinde wakala wa simu siku ya malipo. Wamkamate karani aliyeandika majina ya mama hewa, na mwenyekiti anayedai achiwe kidogo ndipo atie muhuri. Wamsikilize mwanamke anayekuja kushtaki kwamba mumewe amemnyang'anya fedha za mtoto, wala wasimwambie kwamba hayo ni mambo ya nyumbani. Wizi ni wizi, hata mwizi akiwa mwenye nyumba.

WAJIBU WETU WENYEWE

Twamalizia na jambo ambalo halingoji Bunge wala bajeti. Wengi kati yenu mko mbali na familia zenu. Tangu Machi 2007 vijana wetu wamehudumu Somalia, Novemba 2021 wengine walivuka mpaka kuingia mashariki ya Kongo, na wengine wamelinda Karamoja miaka mingi. Konstebo naye aweza kuwa Arua huku mke wake yuko Mbale, au wakaa wote katika yunipoti moja na watoto watatu. Mshahara hupita benki, na kadi ya benki imo mfukoni mwa baba. Mke mjamzito hupiga simu, na simu ya askari aliye lindoni haipatikani.

Tujiulize kwa uaminifu. Je, mke wangu ana fedha mkononi sasa hivi, za kumtosha kupanda pikipiki usiku huu? Au ni lazima kwanza anitafute, nami nimtafute rafiki, na rafiki atafute mtandao? Ikiwa jibu ni hilo la pili, basi sisi wenyewe tumeweka kizuizi katika barabara ya mtoto wetu, na hatuwezi kuilaumu serikali peke yake.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu mambo manne. Askari anapojua kwamba mke ana mimba, aagize benki itoe fungu maalumu kila mwezi lielekezwe kwa mama huyo, wala lisitegemee kumbukumbu au hali ya moyo. Fedha za safari ya hospitali ziwekwe kwa mama mwenyewe kabla ya mwezi wa saba, katika simu yake au chama chake cha akiba. Mwenye wake wawili afanye hivyo kwa wote wawili, kwa sababu mtoto hakuchagua ni nyumba gani azaliwe. Na kila mmoja ahakikishe kwamba majina ya mke na watoto yameandikwa sahihi katika faili lake kikosini, kwa kuwa tumewaona wajane wanaozunguka ofisi kwa ofisi kwa kosa la herufi mbili.

Nao wakuu wa vikosi twawaomba wafikirie likizo. Ruhusa ya wiki mbili inayotolewa mtoto anapozaliwa ina faida kubwa kuliko ruhusa ya mwezi mmoja inayotolewa kwa ajili ya maziko. Afande anayemruhusu kijana kwenda kumpeleka mke hospitalini hapunguzi nguvu ya kikosi chake. Kijana huyo atarudi na akili tulivu, na mwenye akili tulivu hulenga vizuri.

Sisi si madaktari, wala hatujui kila jambo la uchumi. Twajua tu kwamba hesabu ya 52 inaweza kushushwa, kwa sababu majirani zetu wameishusha kwa njia ambayo si ya siri wala si ya ajabu. Walimpa mama fedha, wakampa kwa wakati, naye akajua la kufanya. Taifa linalowaomba vijana wake walilinde kwa damu yao lina deni kwa watoto wanaozaliwa nyuma yao. Deni hilo lilipwe mapema, wakati mtoto angali akipumua.